Asilimia Tisini na Saba

Bi Mwanajabu wa Siyu alikitua mezani
kikaratasi cha miraba, kimekunjwa mara nane,
mikunjo imechakaa kama kiwiko cha shati la shule.
Vito mia na hamsini na tatu, robo ya kofia,
kila kitundu na nukta yake ya penseli.
Dadake yuko Maskati, ana oda ya arusi.
“Mpelekee,” akasema. “Lakini ifike ilivyo.”

Ifike ilivyo.
Miaka saba niko hapa Langoni,
kompyuta mbili na printa yenye kikohozi,
nachapa kadi za arusi, barua za kwa chifu,
wasifu wa vijana wanaotafuta kazi bandarini,
na kila siku nasema “nitakutilia kwenye pidiefu”
kama asemaye “nitakutilia mfukoni”,
bila kuuliza mfuko wa nani, umetoboka wapi.

Nilianza na ile ya kulipia kila mwezi.
Mpwa wangu Lali alinipatia siku thelathini za bure
na leo ndiyo ya thelathini.
Siwezi kuisema vibaya. Mstari mwembamba kama kope;
ukuze mara kumi, hauingii ukungu.
Bei yake ya mwaka ni kofia tatu za Bi Mwanajabu.
Kofia moja huishona miezi minne.
Hesabu mwenyewe.

Ya mtandaoni ina haraka. Unapandisha, kigurudumu kinazunguka, unashusha.
Faili ikarudi nyepesi, nyepesi mno:
vito vimerojeka, vimeshikana kama bokoboko.
Ndipo nikawaza, mchoro wa mamake mtu
nimeutia kwenye kompyuta ya nani, nchi gani?
Nikafunga ukurasa. Kilichopanda kule hakikushuka.

Ya simu nayo ikapiga picha, ikajisifu imenyoosha karatasi.
Mkunjo wa nne ukageuka mstari mweusi.
Huko Maskati wangeushona.

Ikabaki ile ya bure kabisa, kazi ya watu wasioonana
wanaosahihishana usiku kucha bila malipo.
Menyu zake nusu Kiswahili, nusu sijui nini;
hufunguka kama mtu anayepapasa miwani kitandani.
Nikachora upya, nukta kwa nukta, hadi adhuhuri.
Ikahifadhi. Nikakuza: safi.
Nikachapa, kifua mbele.

Bi Mwanajabu hakuitazama skrini hata mara moja.
Alitoa mkobani kofia ya marehemu mumewe,
akailaza karatasi ubavuni mwake, pindo kwa pindo,
akanyamaza.
Ilipungua upana wa punje ya mtama.
Punje moja kwa robo; mara nne, kidole kizima.
“Hini,” akasema, “haimkai ntu kitwani.”

Nikailaumu programu. Nikailaumu karatasi.
Umeme ukakatika, ukarudi, nikaulaumu na umeme.
Kumbe ni kijisanduku, chini kabisa kwenye mipangilio ya printa,
kimetiwa alama tangu siku ilipotolewa kwenye boksi:
*tosheleza ukurasa.*
Asilimia tisini na saba.
Huo ndio wema wake, kukupunguza ili uenee.

Basi barua zangu zote za miaka saba,
hati, risiti, vyeti vya wenyewe,
vyote vilitoka vimenywea kidogo
na hakuna aliyelalamika,
maana barua haivaliwi.

Nikakifuta. Mia kwa mia.
Pembeni nikachora mstari wa inchi moja, nikaandika:
*Upime huu kwanza. Usipokuwa inchi, usishone.*
Akaipima tena kwenye ile kofia, pindo kwa pindo,
akakikunja kikaratasi chake mara zile zile nane,
akauliza ngapi.
Ukurasa mmoja, nikasema, shilingi ishirini.

Usiku wa manane ile ya kulipia ikajifunga. Nilikuwa nimelala.
Siku ya tatu picha ikaingia kutoka Maskati, haina hata salamu:
rula ya mtoto wa shule juu ya mstari wangu,
na kidole gumba kilichotobolewatobolewa na sindano
kimeibana isisogee.