Giza Lenye Vipimo

Kaka yangu Oluga hachomoi futi kwanza.
Husimama kando ya barabara pale Kibuye,
kochi la watu watano nyuma yake, uchi, mbao na misumari,
mteja akimweleza mlango wake wa Manyatta:
mwembamba, ngazi mbili, kisha ukuta.
Oluga anainamisha kichwa kama kuku aliyesikia jambo.
Ndani ya kichwa kile kochi linanyanyuliwa,
linalazwa ubavu, linageuzwa, miguu mbele.
"Litapita," anasema. "Ila mng'oe bawaba."
Na hupita.

Mimi nikifumba macho, nimefumba macho.
Giza la kawaida,
kama ndani ya sufuria iliyofunikwa.
Watu waliposema "picha imenijia"
nilidhani ni msemo tu,
kama mtu asemaye roho iko mkononi,
wala hakuna anayemkagua kiganja.
Nilikuwa na miaka thelathini na minne nilipojua
kwamba wenzangu huona kweli.

Tulipomzika mama, Oluga alinishika bega.
"Namwona. Kila nikifumba. Ule mwanya,
ile leso ya kijani yenye maneno yaliyochujuka."
Nikaguna. Nikaenda nyuma ya choo
nikafumba hadi mboni zikauma,
nikisaka hata sikio lake moja.
Sufuria. Kifuniko.
Asiyebaki na sura, je, alipenda?

Usiku wa tatu stima ikapotea.
Nyumba ikajaa magoti yakigonga meza,
shangazi Apondi akiita kiberiti kama anaita mtoto,
na Oluga, fundi wa milango, akikumbatia friji.
Nikainuka.
Hatua saba hadi kwenye pipa la maji. Moja ya kushuka.
Mkono kushoto, kimo cha bega lake, si langu:
msumari, na taa ya chemni.
Kiberiti juu ya kabati, nyuma ya kopo la majani chai.
Sikuona kitu. Sikuhitaji.
Nyumba nzima ilikuwa imekaa ndani yangu
bila rangi, bila mwanga,
kila kitu mahali alipokiweka.

Ni niliporudi na moto ndipo nikashangaa.
Pale kati ya jiko na mlango
mguu wangu ulikuwa umejizungusha kidogo,
umechukua hatua ndefu,
usije ukamkanyaga mtu anayechambua osuga.

Na kigoda tulishakigawa Jumamosi.