Kati ya Jicho na Mkono

Newala, chumba cha nyuma cha chama cha msingi,
Novemba. Harufu ya korosho imeingia hadi kwenye nyaya.
Siku za kawaida mashine haizimiki.
Huzimika siku ya mnada,
mizani mbili zikipima kwa pamoja:
kioo cheusi, na ikiamka
kilo za Nantimba zinasomeka kwa jina la Bi Chihumpu.

Nimeivizia, huu usiku wa tatu.
Nikiiwekea mitego ya kufuata nyayo, inatulia.
Nikiitegua, inaanguka,
kama mtoto anayemficha daktari kikohozi.

Basi nimeshuka kwenye kiini.
Kiini, neno lilelile
la shangazi Akwilina, miaka ile ya kiwandani,
akibangua, vidole vimeliwa na mafuta ya ganda:
"Kizima kina bei. Kilichopasuka kina maneno."

Mle ndani nikawakuta
wafanyakazi wawili, ukurasa mmoja wa kumbukumbu.
Wa kwanza anatazama: mtupu.
Wa pili anatazama: mtupu.
Wote wamesema kweli.
Wa kwanza anauchukua.
Wa pili naye anauchukua, kwa ukweli
uliokwisha kuchacha.

Hapa hakuna mwizi, hakuna mwongo.
Kuna upenyo tu kati ya jicho na mkono,
mwembamba hata unywele
ukipita humo utaonekana gogo.

Na kufuli lilikuwapo!
Aliyeandika aliliweka chini ya swali,
kama karani anayehesabu magunia mlango ukiwa wazi,
kisha anaufunga, kisha anaandika.

Nimelipandisha mistari miwili.
Basi. Funga ndipo utazame,
ndipo uchukue, ndipo ufungue.
Mikesha mitatu kwa mistari miwili;
mkinilipa kwa urefu wa kazi nitakufa njaa.

Alhamisi mizani zikapima hadi saa kumi jioni.
Karani Mkwavila hakugeuka kunitazama hata mara moja,
na hiyo ndiyo shukrani ya kazi hii.
Ila mimi nilibaki mlangoni nahesabu.
Kimya si ushahidi. Elfu zimepita salama,
na hata kabla, elfu zilipita salama.

Shangazi angekiinua kiini kwenye mwanga,
angekizungusha polepole,
wala asingesema ni kizima.
Angesema: sijaona ufa.