Siku Zinazohesabika

Miezi tisa nilikubeba, Tekla,
na hakuna aliyenidai stakabadhi.
Baba yako ndiye anayeulizwa alikuwa wapi.

Sheria yao ni fupi: miaka mitano
mwili wake uwe umekaa Marekani,
na miwili kati ya hiyo
iwe baada ya kutimiza miaka kumi na minne.
Mwili, si moyo. Moyo haugongwi muhuri mpakani.

Basi meza yetu ya jikoni, hapa Tbilisi,
ina wiki tatu haijapata nafasi ya sahani.
Tunakula tumesimama, mkate wa jibini mkononi,
tusije tukaupaka mafuta mwaka 2003.

Kuna kadi ya maktaba. Kuna hati za mshahara
za duka la chambo, dola mia na kumi na mbili kwa wiki.
Kuna matokeo ya shule: hisabati, alama ya kuombewa radhi,
na ndiye huyuhuyu sasa anayejumlisha siku
kwa penseli, usiku wa manane,
akifuta, akipuliza vumbi la ufutio, akianza upya.

Kwao ni mji wa mpakani.
Mto katikati, daraja juu yake, ng'ambo ni Kanada,
na bibi yake aliishi ng'ambo.
Kila wikendi aliyolala kwa bibi
sasa inatolewa.
Kila Krismasi. Homa ya tetekuwanga, siku kumi na moja: toa.

"Wendell," nikamwambia, "hapa pana tundu.
Oktoba mpaka Agosti hakuna hata karatasi."
Akanyamaza.
Akaenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa.

Miaka sita ya ndoa, na sikuwahi kusikia
kwamba mama yake aliwahi kuondoka bila kuaga;
kwamba kijana wa miaka kumi na mitano
alilala miezi kumi kwenye sofa la bibi
na kila asubuhi akavuka daraja kwa miguu kwenda shule,
upepo ukimchoma masikio.
Mchana huku, usiku kule:
siku kama hiyo ni ya nchi gani?

Hatukuiandika. Tukatafuta kwingine.

Daktari Lindqvist, mng'oa meno, umri themanini na minne,
akajibu kwa barua ya mkono, wino wa buluu:
*Nilimtoa gego tarehe tisa Machi.
Hakulia mpaka alipofika mlangoni.*
Gego moja, siku moja.
Tukaiweka juu kabisa ya faili.

Picha yako ilitushinda mara nne.
Sentimita tano kwa tano, nyuma peupe, macho wazi,
mkono wa mtu usionekane.
Nyanya yako Mzia alijificha chini ya shuka
akikushika kiuno kama mwizi wa kuku,
na ukiitazama vizuri ile picha
utaona shuka lina pua.

Dirishani alikaa ofisa mwenye mafua, Bi. Delacruz.
Alizisoma karatasi zote. Zote, hata za chambo.
Alipofika kwenye gego alitabasamu, akapiga chafya,
akamwambia baba yako ainue mkono wa kulia na kuapa.
Akauinua. Ulitetemeka kidogo.
Sijui aliapa nini; nilikuwa natazama ule mkono.

Siku zilitosha, zikabaki arobaini na moja.
Ile miezi kumi hawakuihitaji.

Tulirudi kwa miguu, ingawa ni mbali.
Njiani alinieleza rangi ya lile sofa,
na bibi alivyokuwa akiacha taa ya ukumbini inawaka
akisingizia kwamba swichi ni mbovu.
Nami nikauliza, naye akajibu,
nikauliza tena.

Wewe ulikuwa unatafuna kona ya faili.
Nilipoivuta nikaona imetobolewa:
jino lako la kwanza, dogo kama punje ya mchele.
Nikaandika tarehe nyuma ya bahasha,
na saa, na mtaa,
na majina ya waliokuwepo.
Huwezi kujua nani atakuja kuuliza.