Kabla ya Moshi

Mji wenyewe unaitwa Moshi, na mimi nimeajiriwa
kuhakikisha hautoki.
Julai, saa kumi na moja alfajiri, baridi ya mlima imeshuka hadi Pasua,
nazunguka rundo la makaa ya mawe nyuma ya kiwanda
na nondo, kipimajoto na daftari lililolowa pembe.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto.
Hawakulinda makaa.
Moto ni mwali: huwekwa ndani kwanza,
siku kumi, kumi na mbili, mlangoni hajulikani,
anakunywa hewa kwa mrija wa nyufa.
Hewa ikizidi, unapoa. Ikikosekana, unalala.
Unataka kiasi, kama chumvi.

Baba, Elinisafi, alichimba chini kwa chini kule kusini
miaka kumi na tisa, akarudi na kikohozi na neno moja:
"Ukuta ukitoa jasho, nusa.
Ukisikia harufu ya mafuta ya taa pasipo na taa,
usimuulize mtu. Toa watu."
Aliwatoa mara moja, zamu nzima.
Hakikuwaka kitu. Wakamkata mshahara wa siku mbili.
Wiki iliyofuata wakaiziba njia ile kwa matofali.
Hela hawakumrudishia.

Mimi sina pua yake. Nina namba.
Jumatatu arobaini na moja.
Jumatano arobaini na tatu.
Ijumaa arobaini na nane.
"Bado sana," anasema mhandisi Kileo, "mpaka sabini."
Lakini namba siiogopi, naogopa mwendo wake:
mbili, halafu tano.

Na nina paka wa getini, hana jina,
tangu Jumanne amelihama gunia la mlinzi.
Analala juu ya rundo, upande wa reli,
mahali pamoja tu, ambapo umande haukai.

Nilichoma nondo pale pale. Mita mbili na nusu.
Nikaivuta, nikaigusa kwa mgongo wa kiganja
kama paji la mtoto.
Kisha nikampigia Kileo: leta kijiko.

Tulifukua hadi saa tano.
Katikati, majivu ya kujaza sahani, na wekundu kidogo
uliovuta pumzi ulipoona mwanga.
"Kumbe kadogo hivi," alisema, akatazama saa yake.

Ndiyo. Nikikosea, mji mzima utaona.
Nikipatia, ni Jumamosi tu,
mlima umejifunua, wanawake wanapita na ndizi kwenda sokoni,
na moshi umebaki kwenye jina.

Naandika: thelathini na sita.
Paka anazunguka, ananilalamikia.
Bado hajachagua.