Pembe ya Sita

Chini ya ngazi za chuo, Dundee,
mahali ambapo jua la Januari halijawahi kushuka,
kuna pipa la kioo lenye sahani inayozunguka kitakoni mwake.
Kazi yangu ni mota, mikanda, mipira ya kuzibia.
Kazi ya Daktari Eilidh Rankine ni kungoja.

Washa. Maji yanasita kwanza
kama mtu aliyeamshwa kabla ya alfajiri,
kisha yanaifuata sahani, yanapanda ukutani,
katikati panakauka, panabaki jicho,
na jicho, ukiongeza kasi, linaota pembe.
Tatu. Ukikaza tena, nne.
Nani aliyechonga mraba ndani ya duara?
Pipa hili halina kona.
Nimelifuta kwa mikono yangu, nalijua.

Yeye anataka sita.
Picha anayo mezani, karibu na birika:
Zohali, kaskazini, utosini kabisa,
mawingu yamejikata pembe sita,
kila ubavu mpana kuliko dunia yetu.
Wiki tisa tumepata tano.
Tano, tano, kitu kinachotetemeka, halafu tano.

Mimi picha ile niliijua siku ya kwanza.
Ni kofia.
Shangazi Mwanamkuu alikaa kizingitini, Siyu,
kitambaa cheupe magotini, akitoboa viua,
akizungusha uzi mpaka nyota ijifunge.
"Kichwa ni mviringo," alisema, sindano mdomoni,
"lakini hakuna anayenunua mviringo mtupu."
Nilitaka kumweleza Eilidh.
Nikamwambia mkanda unahitaji grisi.

Alhamisi niliuacha mtambo ukizunguka,
nikawahi basi la mwisho, mvua ikija kwa ubavu kutoka mto Tay.
Sikujua mpira umepasuka.
Usiku kucha, tone.
Tone.
Asubuhi sakafu imelowa hadi mlangoni,
na maneno ya kuomba radhi nimeyapanga kwa Kiingereza
tangu ngazi ya juu, yenye adabu zote.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Nilishika tambara hata hivyo.
Ndipo nikamwona Eilidh hajavua koti,
ameinama juu ya pipa, kiganja mdomoni.

Maji yalikuwa yamepungua kina cha kidole,
na yale yaliyobaki, machache, yenye haraka,
yalisimamisha pembe sita.
Tulihesabu, yeye kwa kalamu, mimi kwa vidole.
Tukahesabu tena, maana furaha haijui hesabu.

Nikadondosha tone la rangi ya kijani.
Likakimbia, likaingia kona, likatoka,
likaingia nyingine, halikukaa popote.
Kumbe pembe si maji.
Maji yanapita tu, kama abiria stesheni;
pembe inawafuata polepole, haina mwenyewe,
na ndiyo inayobaki.
Nikakumbuka mtaa wangu, miaka kumi na mmoja:
Mpoland kaondoka, Mpakistani kaingia,
mwashi wa zamani kazikwa, mimi nimekuja,
na kona ya duka la mikate iko palepale.

"Kitendawili," nikasema, sijui kwa nini.
Chumba kikanyamaza, mota peke yake ikinguruma.
Ikabidi nimfundishe: unajibu, Tega.
"Tega," akasema, kwa ulimi wa Kiskoti.
Nyumba yangu ina kona sita, haina ukuta,
wapangaji wake hawalali.

Akajibu pipa. Akajibu Zohali.
Nyuma yetu maji yalikuwa yakitafuta mfereji.
Akainua mikono.
Kwetu, nikamwambia, ukishindwa unatoa mji.
Akacheka, akafikiri kidogo,
akanipa Dundee,
yote, na daraja lake, na mvua yake ya ubavu.

Nikaupokea.
Kisha nikapiga deki.