Bendera Mia Nne

Mimi ndiye niliyezishona.
Mia nne, kitambaa cha njano, na katikati korongo mweusi
amesimama kwa mguu mmoja kama mtu anayefikiri.
Olindo Bressanello alikuja mwenyewe, mikono inanuka zizi,
maana wakati ule bado alikuwa tabibu wa ng'ombe.
Akasema: "Delfina, nitakulipa tukishinda."

Tukashinda.

Usiniulize ilikuwaje. Ukungu wa bonde la Po
hufanya kila sauti isikike karibu.
Alipanda juu ya trela uwanjani, Jumapili baada ya misa,
akanguruma kwa lahaja ya bibi zetu,
ile tuliyochapwa shuleni kwa kuisema:

     Jasho letu ni la kwetu, Roma msilichukue,
     mto huu ndio wetu, na ukungu tuachiwe!

na wanaume ambao hawakulia hata makaburini
wakalia, kofia mkononi.
Nami nililia. Sifichi.

Roma, alisema, ni mdomo usio na tumbo, haushibi.
Watu wa kusini, alisema, ni kupe.
Hapo sindano ikanichoma kidole,
maana mwalimu Scordamaglia alitoka Calabria,
na ndiye aliyemfundisha mwanangu kusoma
bila kukicheka kigugumizi chake.
Nikanyonya damu. Nikaendelea kushona.

Alikwenda Roma kuibomoa.
Mwaka wa kwanza alirudi akikilaani chakula cha huko.
Wa tatu, alirudi na dereva.
Wa tano hakurudi; tulimwona kwenye televisheni ya baa,
tai ya hariri, lahaja imepauka
kama shati lililofuliwa mno.

Kisha zikaja risiti.
Mfuko wa chama ulikuwa umelipia dari ya nyumba ya ziwani,
meno ya shemeji,
na farasi wa bintiye, aliyeitwa Uhuru.
Shayiri ya Uhuru peke yake, mahakama ilisema,
ilizidi ada za wanachama wa wilaya nzima.
Yule aliyekuwa akimshikia kipaza sauti
aliapa kwamba hajawahi hata kunywa naye kahawa.

Novemba iliyopita kengele ya mlango ililia.
Suruali ilitaka kupunguzwa kiunoni.
Nikampima: mtu mzima amebaki mkanda na pumzi.
Alizungumza lahaja tena, safi, pamoja na matusi yake ya shambani,
juu ya mvua, juu ya ndama aliyemzalisha kwa baba yangu
usiku ule wa theluji.
Bendera hakuzitaja. Deni sikulitaja.
Nilimwandikia bei ya suruali tu,
akahesabu sarafu, mbili zikaanguka,
tukainama wote wawili.

Mlangoni akageuka.
"Hukubakiza hata moja?"

"Hata moja," nikasema.

Nyuma ya nyumba jalidi ilikuwa imeanza kushika,
na zile sitini zilizosalia
zilikuwa zimetandazwa juu ya kabichi,
zimekandamizwa kwa matofali.