Pambizoni mwa Daftari la Shaame

Ukurasa wa tatu, moyo ulimdunda.
Wa nne ukamdunda tena.
Wa saba ukamlipuka paa!
Nimehesabu, Shaame: mioyo kumi na minne,
na watu hadithini mwako ni watatu.

Jasho jembamba nimelifuta kwa kalamu nyekundu.
Mafunda ya mate waliyomeza watu wako
yangejaza mtungi.
Na machozi, njia mbili mbili,
kila aliaye hupitia zile zile,
kana kwamba ya kwendea Konde hakuna nyengine.

Usinune. Nami niliandika hivyo hivyo,
nikapewa hongera, nikazipokea.

Ila nilimwona Bi Mize.
Tulikuwa barazani kwake, Mtambwe, wanawake sita,
taa moja ya chemli, karafuu mbichi hadi magotini,
tunachambua: karafuu kulia, makonyo kushoto.
Simu ikalia. Namba ya mwanawe, aliye Tanga.
Sauti si ya mwanawe.
Akasikiliza.
Akasema, "Haya baba, ahsante,"
akailaza simu kifudifudi,
akarudi kuchambua.

Sikuuona moyo wake. Nani kauona moyo wa mtu?
Niliona makonyo yakienda kulia,
karafuu zikienda kushoto,
taratibu, bila kulikosea kosa lake.
Hatukumrekebisha.
Mke wa Faki akainuka kwenda kuteka maji,
na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Wiki ya tatu, kituoni,
mpimaji alizamisha mkono guniani,
akatoa kiganja cha makonyo makavu.
"Mzee, vipi tena? Hizi daraja la mwisho."
Mume wa Bi Mize akaangalia mizani,
akasema, "Andika la mwisho."

Hapo nililia mimi.
Nililia vipi, hilo halikuhusu,
wala halimhusu msomaji.

Sasa rudi ukurasa wa tatu.
Mama kaambiwa mwanawe kazama.
Kifua chake kiache, kina kazi ya kupumua.
Niambie mikononi alikuwa na nini.
Umeandika mbuzi ya nazi, mstari wa pili,
kisha ukaisahau.
Basi aliendelea kukuna?
Alikuna mpaka kwenye kifuu?
Na lile tui, lenye vumbi la kifuu ndani yake,
nani alilikamua,
nani alilila?

Lete Jumatatu.